Abunuwasi na Vitabu vya Bei Rahisi

Ukifika Ukunda, pale njia ya Diani inapoachana na barabara kuu iendayo Lungalunga, huenda ukamkuta mtu ametandika turubai kando ya njia, na juu yake amepanga vitabu vikuukuu: vya shule, vya dini, magazeti ya miaka iliyopita, na riwaya zilizopotewa na majalada. Bei yake ni ndogo mno, na wapitao wengi hawavitupii jicho. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kupita penye kitabu asisimame. Siku moja nilikuwa nikipekua rundo la hadithi za picha, zile ambazo watoto huzipenda na wazee huzidharau, mara nikakutana na mtu niliyemjua tangu utotoni. Alikuwa Abunuwasi.

Nilishangaa, maana sikutazamia kumwona mahali pale. Nilikwisha kumsikia kwa wazee, na kumsoma katika *Hekaya za Abunuwas*, kitabu cha kampuni ya Macmillan ya London kilichosomwa na vizazi vingi shuleni. Lakini sasa alikuwa amechorwa ukurasa baada ya ukurasa, mfano wa mashujaa wa vitabu vya Marekani. Mchoraji wake alikuwa Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, na kitabu kilitolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Watoto wa Marekani walimpata Superman mwaka 1938, mtu arukaye hewani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Shujaa wetu hawezi hata kimoja cha hayo. Silaha yake ni ulimi, na ngao yake ni akili.

Nilikinunua kitabu kile, nikakipeleka darasani. Wanafunzi walicheka sana, kisha mmoja wao akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja: “Mwalimu, je, Abunuwasi alikuwako kweli?”

Alikuwako. Jina lake lilikuwa al-Hasan bin Hani, na Abu Nuwas ni lakabu yake. Alizaliwa katika karne ya 8 huko Ahwaz, mji ulio leo katika nchi ya Irani, na mama yake alikuwa Mwajemi. Alisoma Basra na Kufa, kisha akaenda Baghdad zamani za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hata 809. Alikuwa mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa lugha ya Kiarabu. Lakini sharti niseme kweli yote: aliwasifu wakubwa ili apate riziki, mashairi yake ya mvinyo yalimpatia sifa na lawama pamoja, na gerezani alipata kuingia. Alikufa Baghdad karibu na mwaka 814.

Niliposema hayo, darasa lilinyamaza. Niliona nyusoni mwao kwamba nimewanyang’anya kitu. Yule mtetezi wa maskini alikuwa wapi? Basi, msomaji, hapa ndipo kazi ya historia inapoanza, wala si hapa inapokwisha.

Baada ya kufa kwake, jina la mshairi yule lilipata maisha mengine. Wasimulizi walimweka kando ya Harun al-Rashid katika visa vya *Alfu Lela Ulela*, akawa mcheshi wa jumba la mfalme. Visa vya namna hiyo vilikwenda popote walipokwenda watu. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mabaharia walikaa miezi wakingoja upepo ugeuke. Mtu angojaye upepo huzungumza, na hadithi haitozwi ushuru forodhani.

Tena visa hivyo havikufuata jina moja. Chukua kile cha maskini aliyekula kipande chake cha mkate penye harufu ya nyama ya tajiri. Tajiri akamshtaki, akidai alipwe harufu yake. Abunuwasi akaziliza fedha masikioni mwa tajiri, akamwambia: “Umeisikia sauti ya fedha? Basi harufu imelipwa kwa sauti.” Kisa hicho hicho utakiona kwa François Rabelais wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1546, na mwamuzi wake ni mpumbavu mmoja wa mji wa Paris. Waturuki humtaja Nasreddin Hoja, na Waarabu humtaja Juha. Kisa kingine, cha mtu aliyekesha usiku kwenye baridi akitazama moto wa mbali, kimo katika hadithi za Ethiopia zilizotolewa na Harold Courlander na Wolf Leslau mwaka 1950. Hata yule Juha Kalulu aliyechorwa na Edward Gitau kwa miaka mingi katika gazeti la *Taifa Leo* ana jina la kutazamwa: Juha ni huyo wa Waarabu, na Kalulu ni jina la sungura katika lugha ya Kinyanja.

Sasa twaweza kuuliza lililo kubwa zaidi: kwa nini watu wa pwani walimshika Abunuwasi wasimwache? Tazama nchi yetu ya Kwale. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja hata mwaka 1963, ingawa tangu mwaka 1895 Waingereza ndio waliouongoza. Watu wa hapa walimjua sultani, wakamjua liwali na kadhi, wakamjua tajiri mwenye daftari la madeni. Historia iliyoandikwa yamtaja Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Alitajwa kwa kuwa alikuwa mkubwa, mwenye bunduki na watu. Lakini mvuvi wa Msambweni, mchukuzi, mtumwa na mdaiwa hawakuandikiwa barua wala mkataba. Walifikiri nini juu ya hukumu za wakubwa? Jibu mojawapo limo katika hekaya walizozipenda. Humo sultani hukosea mbele ya watu, tajiri huaibika, na mnyonge hupewa haki yake.

Kwa hiyo niliwajibu wanafunzi wangu hivi. Abunuwasi wa Baghdad ni kweli ya mtu mmoja. Abunuwasi wa barazani ni kweli ya watu wengi waliomhitaji. Mwanahistoria hazichanganyi kweli hizi mbili, wala haitupi mojawapo.

Nawe, msomaji, usidharau vitabu vya bei rahisi. Hati za serikali zina nyumba na walinzi wake, lakini kitabu cha picha kikisha kusomwa hufungiwa njugu au bajia, kikapotea na habari zake. Ukimwona shujaa wako katika rundo kando ya njia, mnunue. Andika ulimpata wapi na siku gani, kitabu kilichapwa wapi na mwaka gani. Kisha rudi nyumbani ukamwulize bibi yako kama amjua, na kwa jina lipi. Mimi nilifanya hivyo kwa mzee mmoja wa jirani. Alikitazama kitabu kwa muda mrefu, akacheka, akasema, “Huyu namjua, lakini sikujua kama na yeye anavaa hivi.” Kisha akanisimulia hekaya mbili zisizokuwamo kitabuni. Nimeziandika zote mbili.