Nani Atauliza Hesabu? Kompani za Madini katika Masisi na Walikale

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, tajiri anamwita wakili wake ili atoe hesabu. Wakili yule alikuwa na mamlaka juu ya mali, lakini mali haikuwa yake. Mara mingi tunahubiri juu ya ujanja wa wakili. Leo tumutazame tajiri. Yeye aliweza kuuliza, kwani mali ilikuwa yake na habari zilimufikia. Lakini kama wenye mali ni wengi, nao wanakaa mbali, nani atauliza hesabu? Historia ya milima yetu inatufundisha jambo hili.

Kwanza, wakati wa koloni. Katika mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, kwa kifupi CNKi. Leta ya koloni iliipa mamlaka ya kugawanya udongo wa Kivu, na wakoloni wakapata mashamba, hata katika Masisi. Wenye aksio walikuwa Ulaya. Tuseme wazi maana ya neno hili: kompani kubwa haina mwenyewe mumoja, mali yake inakatwa mafungu mengi, na kila fungu linaitwa aksio. Wenye aksio wanakutana kila mwaka katika mukutano mukubwa, wanasikia hesabu, wanachagua wasimamizi. Muhunde aliyelima udongo ule hakuwa na kiti katika mukutano ule. Aliona barua tu, na mupaka mupya wa shamba.

Pili, kisha uhuru. Katika mwaka 1976 kompani nyingi za bati za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, jina lake SOMINKI, nayo ilifika mpaka Masisi na Walikale. Leta ya Zaire ilipata asilimia 28 ya aksio. Asilimia 72 zilibaki kwa wenye mali wa ng'ambo. Sasa taifa lilikuwa na kiti. Lakini kiti peke yake hakitoshi. Mwezi wa 10 wa mwaka 1985 baraza la mataifa lililoshikilia bei ya bati lilishindwa kulipa, na bei ikaanguka. SOMINKI ilidhoofika, ikafungwa katika mwaka 1997. Wafanyakazi wake wa zamani walidai malipo yao kwa miaka mingi. Wao hawakuwa na aksio. Walikuwa na mikono yao tu.

Tatu, nyakati zetu. Bisie, katika pori la Walikale, watu walichimba kasiterite kwa mikono tangu mwaka 2002 hivi, wakaibeba mugongoni. Kompani Alphamin ilianza kutoa bati pale kwa mashini katika mwaka 2019. Katika mwaka 2024 ilipita tani 17,000. Kompani ile imeandikwa kisiwani Maurice, na aksio zake zinauzwa katika soko la Kanada na Johannesburg. Katika mwaka 2025 zaidi ya nusu ya aksio hizo zilinunuliwa na kompani moja ya Abu Dhabi. Mwaka uleule, mwezi wa 3, vita ilifika Walikale na kazi ikasimama kwa muda, mpaka mwezi wa 4.

Katika kompani inayochimba Bisie, Leta ya Kongo ina asilimia 5. Tufikiri kidogo juu ya hesabu hii. Kongo iliingia katika sheria ya OHADA katika mwaka 2012. Sheria hiyo inasema hivi: wenye aksio wakifikia sehemu moja ya kumi, wanaweza kumwomba hakimu atume mutu mwenye ujuzi achunguze kazi za wasimamizi. Asilimia 5 haifiki kumi. Basi Leta peke yake haiwezi kuomba kwa njia hiyo. Inapaswa kutafuta mwenzake. Mwaka 2018 sheria mupya ya madini ilipandisha fungu la bure la Leta kuwa asilimia 10. Wengi walisoma hapo habari ya faida tu. Sisi tunasoma pia haki ya kuuliza.

Na mishahara ya wakubwa? Mukutano mukubwa unapima malipo ya wasimamizi kwa kuketi kwao. Lakini mushahara wa direktere unakatwa na wasimamizi wenyewe. Tena, katika kompani nyingi, wakubwa wanalipwa kwa franka na pia kwa aksio. Wenye kutetea desturi hii wanasema: mukubwa akiwa na aksio, atatunza kompani kama mali yake. Neno hili lina ukweli. Lakini bei ya aksio za bati inapanda pia wakati bei ya bati inapopanda kule London, bila mukubwa kuongeza jasho. Ndipo anasifiwa kwa mvua ambayo hakuinyesha. Sheria ya soko la Kanada inalazimisha malipo ya wakubwa yatangazwe kila mwaka. Lakini karatasi ile ni ya Kiingereza, na mutu wa Walikale haioni.

Papa Pio XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, aliona mbele hatari hii: nguvu kubwa kushikwa na watu wasio wenye mali, bali walinzi wake tu, wanaoitumia wapendavyo. Hakukataza kompani. Alikataza uwakili usio na hesabu.

Basi sisi tunaojitayarisha kuwa wachungaji tufanye nini? Sheria ya 2018 inaamuru kompani itoe sehemu 3 katika kila 1,000 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na inapeleka asilimia 15 ya kodi ya madini kwa sekta na shefferi. Fedha hizo zinahitaji watu wa kuuliza: zimefika? zimefanya nini? Tujifunze kusoma hesabu, tuwafundishe wakristo wetu. Na tuanze nyumbani. Paroko asiyeonyesha baraza lake daftari la fedha, kwa uso gani atamwambia direktere wa kompani afungue lake?