Watazamaji wa Dar es Salaam na Sinema ya Windo: Kutoka Majumba ya Mjini hadi Vibanda vya Mbagala

Historia ya sinema katika jiji la Dar es Salaam imeandikwa zaidi kama historia ya majumba, wafanyabiashara walioyamiliki na serikali zilizokagua filamu, ilhali watu waliolipa kiingilio na kukaa gizani wakiihukumu picha kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho wamepewa nafasi ndogo kuliko wanayostahili. Filamu ya kauboi, yaani ile inayosimulia maisha ya wapanda farasi, wachunga ng'ombe na wawindaji wa magharibi ya Marekani katika karne ya 19, inafaa sana kwa uchunguzi wa watu hao, kwa kuwa iliwafikia wakazi wa pwani mapema, ikapendwa kwa miongo mingi na ikawatia watawala wasiwasi. Ndani ya aina hiyo limo tawi dogo lenye majonzi, ambalo ni sinema ya windo la nyati, na mifano yake miwili mashuhuri ni The Last Hunt ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Richard Brooks, na Butcher's Crossing ya Gabe Polsky, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2022 na iliyotokana na riwaya ya John Williams ya mwaka 1960.

Filamu hizo mbili zinasimama juu ya tukio la kweli. Nyati wa Marekani, ambaye ni mnyama tofauti na mbogo wa mabonde ya Rufiji, alikuwa akihesabiwa kwa makumi ya mamilioni, lakini mwaka 1889 mtaalamu wa wanyama William Hornaday, alipojumlisha waliobaki porini na waliofugwa, alipata 1,091 tu. Sababu ya maangamizi hayo haikuwa njaa wala kujihami. Kuanzia mwaka 1871 viwanda vya kusindika ngozi vilimudu kulainisha ngozi nzito ya nyati, ambayo ilihitajika kwa mikanda ya kuzungushia mashine, na reli zilizokuwa zikijengwa kuelekea magharibi zikarahisisha usafirishaji, hata wawindaji wenye bunduki za kupiga mbali wakawa wanaangusha kundi zima, wanachuna ngozi na kuiacha nyama ioze. Katika Butcher's Crossing wawindaji wanaua kwa maelfu, wananaswa na theluji milimani kipindi chote cha baridi, na wanaporejea mjini wanakuta bei ya ngozi imeanguka, kwa hiyo damu yote ile imemwagika bure. Katika The Last Hunt mwindaji aliyelewa uuaji anakufa kwa kuganda baridi, na nyati wanaoonekana wakianguka walipigwa risasi kweli na walenga shabaha wa serikali, waliokuwa wakipunguza kundi la hifadhi huko South Dakota.

Ili kuelewa mtazamaji wa Dar es Salaam anaikabili vipi filamu ya namna hiyo, ni lazima kwanza kuondoa uzushi uliojengwa na wakoloni kumhusu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, ambazo zilizungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki zikiambatana na maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kilishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayokatwa haraka, kwamba hutishwa na mambo asiyoyajua, na kwamba anahitaji hadithi ya polepole isiyo na hila. Nadharia hiyo ilikuwa na manufaa kwa walioitunga, kwa sababu iliwapa wakaguzi hoja ya kuruhusu filamu kwa Wazungu na Waasia na kuizuia kwa Waafrika, hasa pale ambapo bunduki ilishikwa na mtu anayepinga sheria. Haikuwa na ukweli. Watu wale wale waliodaiwa kutoelewa picha walikuwa wakijaza viti vya bei nafuu katika majumba ya mjini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale kampuni ya Afrika Kusini ilipotengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, mhusika mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye angekuwa Waziri Mkuu.

Majumba yenyewe, yakiwemo Empire, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox, yalikuwa shule ya hukumu ya umma. Mtazamaji aliingia akijua kwamba picha ina steringi, yaani mhusika mkuu ambaye haki iko upande wake na ambaye hatarajiwi kufa, na kwamba ina adui, ambaye lazima alipwe kwa kadiri ya uovu wake. Kelele, miluzi na maonyo aliyopewa steringi adui anapomnyemelea kwa nyuma hazikutoka kwa watu waliodanganyika kwamba kivuli cha ukutani ni mtu, kama walivyodai wakoloni, bali kwa hadhira iliyozoea ngano, ambamo msimulizi huitikiwa na wasikilizaji hawakai kimya. Katika miaka ya 1950 vijana wa mjini walivaa kofia pana na suruali za kauboi, na maofisa wa Kiingereza wakaona mavazi hayo kuwa dalili ya uhuni. Miaka ya 1960 na 1970 ilileta kauboi wa Kiitalia, akiwemo Django wa mwaka 1966, ambaye ukatili wake ulikuwa mkubwa zaidi, lakini bado alilipiza kisasi chenye sababu.

Mambo hayo hayakuwa ya Dar es Salaam peke yake. Kule Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati huo, magenge ya vijana wa miaka ya 1950 yalijiita Bill, yakichukua jina la Buffalo Bill, ambaye jina lake la kuzaliwa ni William Cody na ambaye, kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, aliua nyati 4,280 kati ya mwaka 1867 na 1868 ili kuwalisha wajenzi wa reli. Vijana hao walichukua kofia, mwendo na ubabe wa jina hilo, si windo lake, na hilo linaonyesha waziwazi kwamba mtazamaji wa Kiafrika hakumeza filamu nzima nzima, alichagua.

Windo lilipoletwa Tanganyika kwenyewe, lililetwa likiwa limesafishwa. Filamu ya Hatari!, iliyopigwa karibu na Arusha na kutolewa mwaka 1962, ilimweka John Wayne, kauboi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote, juu ya gari badala ya farasi, akikimbiza vifaru, twiga na mbogo ili kuwakamata wakiwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya soko, hakuna bei inayoanguka, na Watanganyika wanaofanya kazi katika kambi ya wakamataji hao hawapewi maneno ya maana. Nchi iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1961 ilionyeshwa kama uwanja wa mchezo wa wageni. Uzuri wa picha zake haupunguzi upungufu huo.

Majumba ya mjini yalipodhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu ya mikanda ya video na baadaye televisheni, ambayo kwa Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, kitovu cha utazamaji kilihamia pembezoni mwa jiji. Mbagala, iliyokuwa eneo la mashamba ya minazi na mikorosho kandokando ya Barabara ya Kilwa katika Wilaya ya Temeke, ilikuwa imeanza kufurika wakazi, wengi wao wakitoka Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara, na huko, kama kwingine Temeke na Kinondoni, vikaenea vibanda vya video, ambavyo watu waliviita vibanda umiza kwa sababu ya joto na msongamano wa mabenchi yake. Humo alizaliwa mtafsiri, yaani mtu anayesema juu ya filamu ya kigeni kwa Kiswahili, kwanza akiwa amesimama kando ya televisheni na kipaza sauti, kisha sauti yake ikirekodiwa juu ya mkanda. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ndiye aliyeipa kazi hiyo heshima jijini, akafuatwa na DJ Mark na wengine. Mtafsiri hakuhamisha maneno tu. Aliwapa wahusika majina, akaeleza desturi za mbali kwa mifano ya uswahilini, akamsuta adui na akatabiri maafa yanayokuja, hivyo akarudisha ndani ya kibanda ile kazi ya msimulizi wa ngano ambayo jumba la mjini lilikuwa limewaachia watazamaji wenyewe.

Sinema ya windo la nyati inaitia sanaa hii katika mtihani mgumu, kwa maana nguvu yake imo katika ukimya, katika theluji na katika nyuso za wanaume wanaochoka kuua bila kukiri. Mtafsiri akiujaza ukimya huo kwa maneno mengi, ataharibu jambo ambalo mtunzi amelijenga kwa subira; akiuacha, kibanda kitadai maelezo, kwa sababu filamu haina steringi wa kushangiliwa na adhabu inayomfika mwindaji haitoki mikononi mwa mtu. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo watazamaji wa vibandani wanafaa kuonyeshwa ngumi na bastola tu. Dai hilo ni nadharia ya Sellers iliyovaa nguo mpya, na halistahili kukubaliwa.

Linapaswa kukataliwa zaidi katika Mbagala, ambako familia nyingi zimetoka kwenye ardhi inayopakana na pori kubwa lililopewa jina la Frederick Selous, Mwingereza aliyewinda ndovu ujanani kwa ajili ya pembe zao kusini mwa Afrika na kuuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Watu wa ukanda huo walizijua bidhaa za porini zinazoleta fedha ghafla na kuanguka ghafla: sandarusi, ambayo ni utomvu mkavu uliochimbwa Uzaramo na kupelekwa hadi Marekani kwa ajili ya vanishi, kisha mpira wa mwitu wa Liwale na Kilwa, ambao bei yake iliporomoka mwaka 1913 pale mashamba ya Asia yalipoujaza ulimwengu. Walishuhudia pia sheria za uwindaji, zilizoanza na amri ya gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, zikimgeuza mwenyeji anayetafuta kitoweo kuwa jangili huku mgeni mwenye leseni akiitwa mwindaji, na katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa Liwale wakahamishwa kwa hoja ya malale, ardhi yao ikaingizwa ndani ya pori la akiba.

Kisha yakaja maangamizi ya tembo. Sensa ya mwaka 1976 ilikadiria zaidi ya tembo 100,000 katika mfumo wa Selous, na ile ya mwaka 2013 ikakuta 13,084. Operesheni Tokomeza, iliyoanzishwa Oktoba mwaka huo huo dhidi ya ujangili, ilisitishwa baada ya wiki chache kutokana na mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mtazamaji mwenye historia hiyo nyuma yake, anapowekewa mlima wa ngozi za nyati usio na mnunuzi, hahitaji kuelezwa soko ni nini, wala kwa nini mwindaji maskini ndiye anayeganda porini wakati mfanyabiashara wa ngozi yuko mjini. Anachohitaji kutoka kwa mtafsiri ni majina ya mahali, mwaka wa tukio na nafasi ya kuongea na jirani yake wa benchi kuhusu wawindaji anaowajua.