Klabu ya Gofu Wakati wa Dhiki: Mfano wa Kitale

Kitale ni mji wa mahindi, kule bara magharibi, baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Msomaji wa Pwani ana haki ya kuuliza klabu ya gofu ya huko yatuhusu nini. Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, na sisi tuna vilabu vya namna hiyo: Mombasa ilianza 1911, na Nyali ipo ng'ambo ya daraja. Pili, ndani ya ardhi ya Klabu ya Kitale kuna kipande cha historia yetu wenyewe.

Klabu hiyo ilianzishwa 1924 na walowezi wa Kizungu, ambao wengi wao walikuwa wanajeshi waliopata mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka miwili baadaye, 1926, reli ikafika Kitale na mahindi yakapata njia ya kwenda bandarini. Fedha zilikuwepo, na wenye mashamba wakawa na mahali pa kukutana.

Haikuchukua muda dhiki ikaingia. Kuanzia 1928 nzige walivamia mashamba, kisha mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ukaporomosha bei ya mahindi. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuanzisha Benki ya Ardhi, 1931, kuwaokoa wakulima wenye madeni. Mlowezi asiyeweza kulipa deni la shamba hawezi kuwa mwanachama mzuri wa klabu. Hapo ndipo penye udhaifu wa klabu ya mji wa zao moja: wanachama wake hukosa fedha wote kwa pamoja.

Tuangalie hesabu yenyewe. Klabu ya wanachama si duka. Haina mwenye hisa anayengojea faida, na pengo la fedha hujazwa na wanachama wenyewe, ama kwa mchango wa ziada ama kwa mkopo. Mapato hutoka kwenye ada ya kujiunga, ada ya mwaka, malipo ya wageni wanaocheza, vyumba vya kulala, ukumbi, baa na wafadhili wa mashindano. Mambo yakiwa magumu, anayetaka kujiunga huahirisha, mwanachama hucheleweshea ada, na mfadhili hupunguza mkono.

Matumizi hayapungui kwa kasi hiyo. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida huhitaji zaidi ya ekari 100. Nyasi hukua mvua ikinyesha, awepo mchezaji au asiwepo. Mashine za kuzikata zanywa mafuta, vipuri vyake vyaagizwa nje, na mbolea ni ile ile anayoililia mkulima wa Kibomet, kiungani mwa mji huo. Ilipopanda bei 2022, iliwapandia wote wawili. Na mwenye klabu akiacha kutunza uwanja ili abane matumizi, wachezaji humhama, na kuurudisha uwanja ulioharibika ni ghali kuliko kuutunza.

Mwaka 2020 ulionyesha haya wazi. Ulipoingia ugonjwa wa korona, michezo ilisimamishwa, baa zikafungwa, na kuanzia Machi 27 amri ya kutotoka nje usiku ikatumika nchi nzima. Klabu iliyotegemea baa kulipia nyasi ilipoteza nguzo yake. Sisi tusiokunywa pombe tuna sababu zetu za kutoipenda baa, lakini hata kwa hesabu tupu, nguzo moja haibebi nyumba.

Wanaoumia mwanzo si wenye magari yaliyoegeshwa nje. Ni makedi, vijana wanaobeba mikoba ya wachezaji. Wengi hawana mshahara. Hulipwa kwa kila mzunguko, hivyo siku isiyo na mchezaji ni siku isiyo na unga.

Tiba ipo, ingawa ni chungu kwa waliozoea kujifungia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukumbi ukodishwe kwa harusi na mikutano, vyumba vipokee wasafiri, watoto wa shule wafundishwe kuogelea na gofu kwa ada nafuu. Mwaka wa mavuno mema, sehemu ya mapato iwekwe akiba badala ya kumalizwa kwa sherehe. La sivyo, deni hufika mahali ambapo kinachobaki cha kuuzwa ni ardhi, na ardhi iliyo karibu na mji haikosi mnunuzi.

Na hapo ndipo tunapoguswa sisi. Ndani ya viwanja vya klabu hiyo kuna duara la mawe, ambalo husimuliwa kuwa watumwa walifungiwa humo usiku, misafara ikielekea Bagamoyo. Misafara hiyo ilitoka kwetu Pwani, na si heshima kujifanya hatukuijua. Kumbukumbu ya watu wale haifai kutegemea kama wanachama wamelipa ada mwaka huu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi ya taifa, na Kitale yenyewe ina makumbusho ya serikali. Klabu ikistawi au ikifilisika, yale mawe yawe na ulinzi wake mwenyewe.