Korija Moja, Bandari Nyingi

Baba yangu mdogo alikata boriti za mikoko katika delta ya Rufiji, na hesabu ya kwanza niliyojifunza kwake ni korija: miti ishirini. Mtu wa Salale na mtu wa Lamu wakitaja korija ya boriti, ya pau au ya fito, kila mmoja alijua analetewa mti wa unene gani. Miti hiyo ilisafiri mbali: mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alifika kwenye delta yetu na chombo cha Kuwait kilichokuja kupakia mikoko. Mkataji na mjenzi hawakuonana, lakini kipimo waliafikiana.

Mimi kazi yangu ni kuandika skripti za kujengea programu. Niliwahi kuandika moja hapa Kibiti kwenye Ubuntu, nikampelekea mwenzangu mwenye Mac, ikakwama. Tatizo lilikuwa amri ya sed -i, ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. Ile ya GNU hubadilisha faili papo hapo. Ile ya BSD, iliyomo kwenye Mac, hudai kwanza itajiwe kiambishi cha nakala ya akiba. Jina moja, tabia mbili.

Tofauti hizi ni za zamani. Unix ilianzia Bell Labs mwaka 1969. Mwaka 1976 Stuart Feldman aliandika make, zana ya kujengea programu inayofuata maelekezo ya faili iitwayo Makefile. 1979 ikatoka sh ya Stephen Bourne, programu inayosoma amri na skripti. Lakini Berkeley walikuwa na BSD yao, AT&T, wenye Bell Labs, wakauza System V, na kila kampuni ya kompyuta ikaongeza vyake. Makefile iliyokubali kwa huyu ilikataa kwa yule.

Mwaka 1984 Larry Wall alitoa rn, programu ya kusomea habari za Usenet, pamoja na Configure, skripti iliyokagua mashine kabla ya ujenzi. Mwaka 1991 David MacKenzie akaanza Autoconf kwa ajili ya programu za GNU. Busara yake naipenda hadi leo: usiulize mfumo unaitwaje, ujaribu. Skripti inayotengenezwa na Autoconf huandika kijiprogramu, humpa kompaila; kikipita, kitu kipo, kikigoma, hutafuta njia nyingine. Baba mdogo naye hakuuliza mti umetoka mto gani, aliushika, akaupima.

Kipimo cha pamoja kwa mifumo ya Unix kilikuja na kiwango cha POSIX mwaka 1988, na sehemu ya sh na zana zake ikafuata 1992. Hata hivyo, Ubuntu ilipoifanya dash kuwa /bin/sh badala ya bash mwaka 2006, skripti nyingi zilivunjika, kwa kuwa zilijitangaza kuwa za sh huku zikitegemea mambo ya bash. Dash haikuwa na kosa.

Ndugu yangu unayejifunza kazi hii, ukiandika #!/bin/sh umeshaahidi. Ijaribu skripti yako kwenye dash na kwenye BSD kabla hujaisafirisha. Ukitaja korija, hesabu miti yako ifike ishirini.