Kipimo cha Pumzi Langoni: Kilikotoka na Kilivyowafikia Madereva Wetu

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tunazungumza juu ya kifaa kidogo ambacho dereva wa lori huambiwa akipulize kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ikiwa mumeo, kaka yako au mwanao hula kwa usukani, kifaa hicho kinaweza kuamua kama karo ya muhula huu italipwa au la. Kwa hivyo ni vizuri ujue kilitoka wapi.

Hapo zamani polisi alitumia pua yake. Alimnusa dereva, akamtazama macho, akamwambia atembee kwa mstari ulionyooka. Basi mlevi aliyezoea kunywa alitembea vizuri na kuachiliwa, na mtu mwenye mguu mbaya akapata taabu. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, mtu wa polisi ya jimbo la Indiana, Marekani, alibuni mashine ya kupima pombe kwenye pumzi. Pombe huingia katika damu, damu hupita kwenye mapafu, na hewa inayotoka mapafuni hubeba pombe hiyo. Ndiyo maana peremende, kitunguu na mswaki havimsaidii mtu. Vinabadilisha harufu ya mdomo tu.

Uingereza ilianza kuwapima madereva barabarani mwaka 1967. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa mwanamke, Barbara Castle, na yeye mwenyewe hakuwa dereva. Wanywaji walimtukana sana. Nadhani akina mama mnaweza kukisia maneno waliyomwambia.

Lakini kupima kwa kushtukiza kwenye kampuni za malori kulitoka Marekani, tena kulitokana na treni. Januari 1987 treni mbili ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafa, na wafanyakazi wa treni moja wakapatikana walikuwa wamevuta bangi. Agosti 1991 treni ya mjini New York ikaacha reli, watu 5 wakafa. Dereva wake alikuwa amekunywa pombe. Mwaka huohuo likapitishwa Bunge sheria ya kuwapima wafanyakazi wa uchukuzi, na kuanzia 1995 kampuni kubwa za malori zikalazimika kuifuata. Majina ya madereva huwekwa pamoja na kuchaguliwa kwa kura mwaka mzima. Tangu 2020 kiwango ni kupima dawa za kulevya kwa nusu ya hesabu ya madereva kila mwaka, na pombe kwa sehemu moja ya kumi. Kwa nini kura? Kwa sababu mtu akijua atapimwa Jumatatu, ataacha Jumapili na kurudia Jumanne.

Turudi nyumbani sasa. Mnakumbuka Kanuni za Michuki, zilizoanza kazi Februari 2004? Zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo na sare za madereva wa matatu. Kipimo cha pumzi kiliwekewa kanuni zake mwaka 2011, na Desemba 2013 polisi pamoja na NTSA wakaanza kukitumia barabarani kwa nguvu. Sisi sote tukakiita Alcoblow. Kikomo kilikuwa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, kipimo kilekile cha Uingereza. Mabaa yalipungukiwa na watu mapema, na wanywaji wakawa wanaulizana kwa simu polisi wamesimama wapi.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizibatilisha kanuni zile. Sababu haikuwa kwamba pombe ni salama. Majaji walisema Sheria ya Trafiki humwadhibu dereva aliyelewa hata hawezi kulidhibiti gari, ilhali kanuni zilimwadhibu kwa kupita kiasi fulani, na kanuni haiwezi kuipita sheria iliyoizaa. Wengi walielewa vibaya wakadhani ruhusa imetolewa. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hakikufutwa. Faini yake hufika shilingi 100,000, au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni mpya ili wananchi watoe maoni.

Wakati mambo hayo yalipokuwa mahakamani, malori hayakusimama. Kampuni kadhaa, hasa za kubeba mafuta, ziliendelea kuwapima madereva langoni. Huko dereva hakutani na polisi, hukutana na mwajiri wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mfanyakazi aliyelewa kazini hata asiweze kazi yake. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 41, inasema lazima kwanza aelezwe kosa lake na asikizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake amchague mwenyewe. Mama, shika hilo. Mume akija nyumbani na kusema amefukuzwa kwa sababu ya kipimo, muulize: Je, ulisikizwa? Nani alikuwa nawe?

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua mwili karibu saa mbili na nusu kuimaliza. Chupa nne ni saa kumi. Baba watoto akianza kunywa saa mbili usiku pale sokoni, pombe itakuwa ingali mwilini karibu mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Na lori linapakiwa saa kumi alfajiri! Amelala, ameoga, amekunywa chai ya rangi, anajiona mzima kabisa, kumbe kifaa bado kitamshika. Maji baridi hayaharakishi ini. Kwa kaluvu au chang'aa hesabu hii haifai hata kidogo, kwa kuwa hakuna anayejua nguvu ya kile kilicho ndani ya kikombe. Kwa hivyo swali la kumuuliza Jumapili mchana, kabla hajatoka, ni hili: Mzigo unapakiwa saa ngapi?

Kuna jambo moja ambalo kifaa hakioni. Hakioni miraa, wala bangi, wala usingizi. Dereva anayetafuna miraa kutoka Mombasa hadi Malaba atapuliza na kupita. Tangu 2012 sheria inakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika saa 24, lakini mwenye lori anayetaka mzigo ufike kesho hupenda kulisahau hilo, na dereva hujaza pengo kwa miraa. Ukimwona amerudi macho mekundu, hali chakula na halali siku mbili, hiyo si tabia mbaya tu. Mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Na ikiwa pombe imemshinda, NACADA ina nambari ya simu, 1192. Haitozwi pesa, na mke au mama anaweza kupiga yeye mwenyewe, hata kabla mwanamume hajakubali kwamba ana shida.