Mtoto wetu na dini ya jirani

Leo tunaongea juu ya somo la dini katika shule za msingi za Kikatoliki. Hapo mtoto wa Kipese angeweza kusikia kwa mwalimu wake juu ya watu wanaosali tofauti na yeye. Mara nyingi hasikii kitu, na ukimya huo una historia yake.

Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru la Kongo, misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi ili zifungue shule. Mapadri Waasumpsio walifika upande wa Beni mwaka 1929. Wabatisti nao walijenga katika milima hii, na Waadventisti wako Lukanga. Lakini serikali ya Wabelgiji ilizisaidia shule za Wakatoliki kwa fedha miaka mingi kabla ya kuzikubalia zile za Waprotestanti, mwisho wa miaka ya 1940. Basi kila upande ulilinda kundi lake. Kumtaja mwenzako darasani kulikuwa ni kumwonya mtoto asipotelee kwake.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwaambia Wakatoliki wawaheshimu Waislamu. Neno hilo limechelewa sana kupanda milima ya Lubero! Mwaka 1974 Mobutu alitwaa shule zote na kufuta somo la dini; watoto wakafundishwa siasa ya MPR. Hapo Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu walijikuta katika shida moja, na tarehe 26 Februari 1977 wote walitia sahihi mkataba wa kurudishiwa uongozi wa shule. Lakini shule zilibaki za taifa. Mshahara wa mwalimu ni wa serikali, na kwa miaka mingi wazazi wa dini zote waliujaliza kwa mifuko yao. Kwa hiyo sioni kwa nini mtoto wa Mwislamu au wa Mwadventisti akae darasani kama mgeni.

Angalia jambo dogo tu. Jumamosi kwetu ni siku ya masomo. Kwa Mwadventisti ni Sabato. Wenzake wanaona hayupo, wanamwita mvivu. Mwalimu angelieleza kwa dakika tano.

Kwa Waislamu mambo ni mazito zaidi. Kundi la ADF, lililozaliwa Uganda katika miaka ya 1990, limeua watu wengi sana upande wa Beni tangu Oktoba 2014. Watoto waliokimbia mauaji hayo wanasema Mwislamu na ADF ni kitu kimoja. Nani amewaambia kwamba tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyewalaumu wauaji hao hadharani, alipigwa risasi msikitini Beni wakati wa sala? Na tarehe 27 Juni mwaka ule ule bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki katika mji huo huo.

Mwalimu wa dini aandike tarehe hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, awaache watoto waulize. Pengine atakayeuliza kwanza ni yule ambaye baba yake hakurudi kutoka shambani. Huyo asijibiwe haraka.