Ufuta Usiofika Bandarini

Lugha ya Kiswahili imeupa mmea huu jina linalotangaza faida yake kabla ya jambo jingine lolote. Ufuta na mafuta ni maneno ya shina moja, na mtu aliyelisikia la kwanza hahitaji kuelezwa kwa nini mmea hulimwa. Jina jingine, simsim, lilitoka katika Kiarabu, likashika sana Kenya na Uganda. Lakini waandishi wa historia ya Afrika Mashariki wameufuata mmea kwa jina lake la mafuta, na historia waliyoiandika ni ya vinu vya kukamulia, magunia, majahazi na merikebu. Iko historia ya pili, ya ufuta uliosagwa mzima jikoni ukawa siagi, ukaliwa na wale wale waliousaga. Hiyo ilichelewa kupata mwandishi, kwa kuwa haikupita katika forodha yoyote.

Historia ya kwanza haina uhaba wa ushahidi. Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Marseille wakazidi kuja Unguja na Lamu kutafuta mbegu za mafuta, maana mji wao ulikuwa na viwanda vya sabuni na mafuta visivyoshiba. Nahodha Charles Guillain, aliyetumwa na serikali yake kuichunguza pwani hii kati ya 1846 na 1848, aliandika habari za biashara yake kwa makini ya karani. Sehemu ya ufuta ilibaki papo hapo ikakamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia, ngamia amefungwa macho naye azunguka kutwa bila kufika. Mwenye kinu alipata vitu viwili: mafuta ya kuuza, na mashudu ya kulisha wanyama.

Mji wa Malindi, ambao ulikuwa umebaki karibu mahame, ulifufuliwa mnamo 1861 katika enzi ya Sultani Majid, na kwa miaka michache mashamba yake ya mtama na ufuta yakasifiwa pwani nzima. Waliovunja ardhi ile kwa majembe hawakuwa wenye mashamba. Walikuwa watumwa. Biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini sheria haikuuondoa utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Katika vitabu vya wakati huo magunia yalihesabiwa, na waliyoyajaza walihesabiwa vile vile, wote katika fungu moja la mali.

Msafiri akiiacha pwani, akapanda bara mpaka kaskazini ya Uganda, akavuka Nile inapotoka Ziwa Kyoga, atafika nchi ya Walango na baadaye ya Waacholi. Huko ufuta huitwa nyim. Nao ulipata kusafiri: katika karne ya 19 Walango waliupeleka Bunyoro, ambako wafua chuma walikuwa hodari, wakarudi na majembe. Biashara hiyo ilikuwa na uzuri wake, kwamba kilichopatikana kwa ufuta kilirudi shambani kuulima ufuta. Walakini sehemu kubwa haikutoka nyumbani. Waingereza walipoitawala nchi, wakaleta pamba pamoja na kodi iliyomlazimu mkulima kuitafuta fedha, pamba ndiyo iliyoingia katika ripoti za kila mwaka. Ufuta uliosagwa kwa ajili ya mchuzi wa jioni haukuwa na bei, wala kitu kisicho na bei hakina safu katika daftari.

Hata hivyo, kazi ya kuupata mchuzi huo si ndogo kuliko kazi ya pamba. Mmea wenyewe ni mkaidi. Punje zake ni ndogo mno. Punje 1,000 hazifiki gramu 4, na kibuyu kimoja chaweza kubeba mbegu ya shamba zima. Zimefungwa ndani ya vifuko vilivyosimama wima juu ya shina, na kifuko kikiiva hupasuka kwenye ncha kikamwaga kila kilichomo. Anayengoja shamba lote liwe kavu huvuna majani matupu. Kwa sababu hiyo mashina hukatwa yangali na ukijani, yakafungwa miganda, yakasimamishwa kwenye chanja za miti pale pale shambani yakaushwe na jua na upepo. Chanja hizo ni alama ya nchi ile. Aonaye chanja kwa mbali ajua kwamba wenyewe wapo. Siku ikifika, mganda mmoja mmoja hushushwa kwa utaratibu kama mtu ashushaye mtoto aliyelala, hupinduliwa juu ya mkeka, na kugongwa. Wataalamu wametafuta kwa muda mrefu ufuta usiopasuka. Mmea wa kwanza wa namna hiyo ulionekana Venezuela mwaka 1943. Mkulima wa Acholi hakuungoja.

Nyumbani hufuata kazi ambayo watu wa huko huiita kwa jina la matokeo yake, odii. Ufuta hupepetwa katika ungo na kupembuliwa mpaka mchanga utoke, kwani punje ya mchanga na punje ya ufuta hazitofautiani sana kwa ukubwa, na mchanga mmoja waweza kuharibu chungu kizima. Kisha hukaangwa pasipo mafuta juu ya moto mdogo. Hapa ndipo maarifa yalipo. Ufuta uliotolewa motoni mapema hautoi harufu wala hautalegea juu ya jiwe. Uliochelewa dakika chache huwa mchungu, na uchungu huo haufichwi na chumvi. Mpishi hutegemea sikio, kwa kuwa punje huanza kudata, na pua, na rangi. Hayo matatu hayafundishiki kwa maneno. Karanga nazo hukaangwa peke yake, huchujwa ngozi, na aghalabu huchanganywa na ufuta kwa kadiri aipendayo kila nyumba.

Mchanganyiko huo hutwangwa katika kinu, halafu huhamishwa kwenye jiwe. Jiwe kubwa hulala chini, limeinama kidogo. Jiwe dogo hushikwa kwa mikono miwili. Mwanamke hupiga magoti na kusukuma kwa uzito wa mabega yake, wala si kwa mikono tu. Kwanza hutokea unga mkavu. Baada ya mapito kadha unga huo hufanana na mchanga uliolowa, kisha huwa donge, kisha donge lile hulegea na kung'aa, likateremka lenyewe. Haikutiwa tone la maji. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na jiwe limevunja vyumba vidogo vilivyoyafunga. Maji yangeiozesha, isipotiwa maji, siagi hiyo hudumu siku nyingi ndani ya chungu kilichofunikwa, kwani katika mafuta ya ufuta mna viini vya asili vinavyochelewesha kuvunda. Hapana mafuta ya kuuza kando na mashudu ya kutupia wanyama. Chote kilichoingia kimetoka, na chote huliwa.

Odii hutiwa katika mboga ya majani ya kunde iitwayo boo, na katika malakwang, ambayo ukali wake hutulizwa na siagi hiyo kiasi cha kutofaa kupikwa bila yake. Hutiwa katika nyama iliyokaushwa na samaki wa moshi. Huliwa na viazi vitamu asubuhi, mtu akienda shambani. Ukiondoa odii katika mapishi ya Kiacholi hukuondoa kiungo. Umeondoa chenyewe kinachofanya mboga iitwe chakula.

Jikoni hilo lilipata mshairi. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alitoa Song of Lawino mwaka 1966, na mwaka 1969 ukachapishwa utungo wa Kiacholi, Wer pa Lawino. Katika sehemu moja Lawino, mke anayedharauliwa na mumewe msomi, aieleza nyumba ya mama yake na vyombo vyake, yakiwamo mawe ya kusagia. Wahakiki wengi wameusoma utenzi huo kama shauri kati ya mila na usasa, na hawakukosea. Lakini mwanahistoria aweza kuisoma sehemu ile kwa njia nyepesi zaidi, kama orodha ya mali ya jiko moja katika wakati wake. Orodha ya namna hiyo ni adimu, kwa kuwa anayekaa jikoni haandiki na anayeandika haingii jikoni.

Miaka 30 baada ya kitabu hicho, majiko yenyewe yaliachwa.

Vita vya kaskazini ya Uganda vilianza mwaka 1986, na tangu 1987 upande mmoja wake uliongozwa na Joseph Kony. Katika miaka ile ya kwanza Waacholi walinyang'anywa karibu ng'ombe wao wote, na pamoja nao maziwa na samli. Odii ikawa miongoni mwa vitu vichache vya mafuta vilivyosalia nyumbani. Mwaka 1996 serikali ilianza kuwahamishia wanavijiji katika kambi zilizosemwa kuwa za kuwalinda. Oktoba 2002 jeshi liliwapa waliosalia vijijini saa 48 kuondoka. Kufikia mwaka 2005 waliohamishwa katika Acholi, Lango na Teso walikaribia milioni 1.8, na katika Acholi peke yake watu tisa katika kila kumi walikuwa kambini. Kambi ya Pabbo ilikuwa na makumi ya maelfu, vibanda vimegusana mapaa hata moto wa mmoja ulikuwa moto wa wote.

Ufuta huhitaji miezi mitatu hadi minne shambani, na baada ya kukatwa huhitaji siku za kusimama kwenye chanja huku ukilindwa. Aliyekutwa mbali na kambi aliweza kuuawa na waasi, au kudhaniwa mwasi na askari. Hapana zao lililofaa hali hiyo kwa uchache kuliko hili, ambalo huiva kwa kupasuka na halimngojei mtu aliyezuiwa njiani. Na jiwe la kusagia halibebeki na mtu mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Kambini kulifika mahindi, maharage na mafuta ya kula kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mafuta hayo yalipitia bandarini, yakaandikwa kwa tani, na bila shaka yaliokoa maisha. Daftari lilionyesha kwamba watu waliokuwa hawana mafuta sasa wanayo. Halikuwa na safu ya kuonyesha mafuta waliyokuwa nayo kwanza.

Ni kweli kwamba katika hesabu ya msiba ule siagi ya ufuta ni jambo dogo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2005 katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria kwamba watu wapatao 1,000 walikufa kila wiki kupita idadi ya kawaida. Mbele ya makaburi hayo mtu aweza kuona haya kutaja chungu cha odii. Lakini waliobaki hai nao wana historia, na sehemu yake ni hii: msichana aliyezaliwa kambini mwaka 1996 alitimiza miaka kumi mwaka 2006, umri ambao mama yake, akiwa mtoto, alikuwa amekwisha kujua kwa sikio punje zinapodata sawasawa. Maarifa ambayo hukaa katika mikono hayahifadhiwi kwa kusimuliwa, na mahali pa kuyatenda hapakuwapo.

Mapigano yalisimamishwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Juba tarehe 26 Agosti 2006. Mapatano ya mwisho Kony hakuyatia sahihi, lakini watu walianza kurudi, na kufikia mwaka 2010 kambi nyingi zilikuwa zimefungwa. Walikuta vichaka mahali pa nyumba. Kuta za udongo zilikuwa zimekwisha kuyeyuka kwa mvua, na mapaa kuoza. Mawe hayaozi. Chanja zilianza kuonekana tena kandokando ya barabara, na ufuta ukarudi kuwa miongoni mwa mazao makuu ya kaskazini.

Umerudi katika hali nyingine, hata hivyo. Wanunuzi huja msimu wa mavuno na malori, hulipa fedha taslimu, na ufuta huo huenda ng'ambo, kama uendavyo ule wa Lindi na Mtwara. Odii huuzwa sokoni Gulu katika ndoo na makopo, nyingi ikiwa imesagwa kwa mashine, ambayo huimaliza kwa dakika chache kazi ya asubuhi nzima. Na ni mtu asiyepata kupiga magoti mbele ya jiwe ndiye atakayesikitika kwa hilo. Kukaanga bado ni kwa mkono, kwa sababu mashine husaga kilichochungu sawa na kisichochungu. Nyumbani, kabla lori halijafika, ufuta hugawanywa: huu wa gunia, huu wa mbegu, huu wa chungu. Gunia hupimwa kwa mizani mbele ya mnunuzi. Fungu la chungu mama hulikadiria kwa macho, akihesabu walaji na miezi iliyosalia mpaka mavuno mengine.